Kamba za Bi Nduta

Juu ya paa letu la Pipeline, ghorofa ya nane,
kamba tisa za kuanikia ni za Bi Nduta.
Alizifunga mwenyewe, misumari akanunua mwenyewe,
na Jumamosi, asubuhi hadi adhuhuri,
hakuna asiyejua mashuka ya nani yanapepea.

Siku nyingine kamba hulala tupu.
Basi sisi wapangaji hupanda na mabeseni,
twachungulia kwanza, tukiona nafasi
twaanika soksi, sare, nepi,
sikio moja tumeliacha ngazini.
Ndara zake zikisikika, pa, pa, pa,
twaanua, kavu au mbichi,
na kununa hakuna.

Nikiulizwa kazi yangu, ndiyo hiyo.
Ila kamba zangu hazionekani.

Kando ya tangi la maji nimesimamisha antena,
fupi kama mwiko wa ugali.
Masafa ninayotumia si yangu.
Yana wenyewe: kituo cha televisheni
chenye leseni, chenye muhuri, chenye mlingoti
huko upande wa Limuru, taa yake nyekundu ikiwakonyeza marubani.
Lakini hata tajiri hajazi kila chumba.
Panapobaki pengo, kisanduku changu husikiliza,
husikiliza tena,
kisha hunong'ona.
Mnong'ono huo ndio intaneti ya vyumba arobaini.

Ijumaa moja, saa tano usiku,
Kwamboka wa chumba cha kumi na nne
alikuwa anapakua masomo ya ukunga.
Mtihani Jumatatu.
Nikapima chaneli: kimya,
kimya safi, kama sufuria iliyokombwa.
Nikaingia.

Kumbe chini kabisa, nyuma ya mabati,
kanisa la Mchungaji Opicho lilikuwa katika kesha.
Kipaza sauti chake hakina waya. Kibali kinacho,
kimetundikwa karibu na saa ya ukutani,
na mawimbi yake, maskini, ni mafupi,
hayawezi kupanda zege la ghorofa nane yakanifikia.
Akasema, "Bwana a—"
kikakoroma.
Akasema, "Bwana asi—"
kikafoka.
Akakikemea. Kanisa zima likakikemea.
Pepo wa mikwaruzo, toka!
Na pepo mwenyewe yuko juu,
anakunywa chai ya tangawizi,
anahesabu asilimia: themanini na tisa, tisini.

Niligundua kwa taa.
Kila taa ya kisanduku ilipopepesa
kule chini watu walipiga kelele.
Ikapepesa. Wakapiga.
Nikaweka kikombe chini.

Nikazima. Tisini na tatu.
Kwamboka akagonga ukuta mara mbili,
nami sikuwa na neno la kupita ukutani.

Asubuhi nilimkuta mchungaji akipanga viti.
Nikaungama, ungamo la ajabu, lenye namba za chaneli.
Akanisikiliza mpaka mwisho, kitambaa mkononi.
"Kwa hiyo tulikuwa tunakukemea wewe?"
"Mimi."
"Na ulitoka?"
"Nilitoka."
Akacheka hadi akakalia kiti alichokuwa anapangusa.
Kisha akachukua bahasha ya sadaka, akaandika nyuma:
Jumatano, kwaya. Ijumaa, kesha.
Jumapili, mchana kutwa.
Nimeibandika juu ya kisanduku kwa selotepu.
Siku hizi kabla ya kusikiliza, nasoma.

Kimya kingi kina mshindo, nililelewa nikiambiwa.
Sikuambiwa mshindo waweza kuwa mimi.
Wala kwamba kutomsikia mtu
si ushahidi kuwa hayupo;
pengine ni ukuta tu, na wewe uko upande usiofaa.

Ile saba iliyobaki Kwamboka aliipata Jumapili,
saa nane za usiku, kanisa limefungwa,
Bi Nduta anakoroma, hewa haina mtu.
Sare yake nyeupe ilikuwa imeanikwa, kamba ya tisa, mwishoni,
ikidondosha maji, tone, tone,
karibu sana na antena yangu.
Sikuisogeza. Nafasi ilikuwepo.